Namna ya Kuandika Historia ya Kikapu na Riadha ya Chuo Kidogo

Chuo chetu hapa Nairobi hakina jumba la michezo. Kikapu twachezea kwenye lami nyuma ya bweni. Lakini historia tunayo, nami nimeikusanya tangu nilipoanza kufundisha timu ya wasichana. Ukitaka kuandika ya chuo chako, anza na watu, makaratasi baadaye. Wazee wanatutoka.

Usimwulize mzee walishinda mwaka gani. Mpe picha, umwulize nani kasimama karibu na nani, na viatu vilitoka wapi. Mzee aliyekuwa akipaka mistari ya uwanja wetu nilimpa picha iliyofifia. Akagusa eneo la chini ya kikapu, lile lililotanuka kuelekea mstari wa mwisho: "Hii ni kazi yangu, kabla hatujaambiwa tuinyooshe."

Hapo nikapata pa kushika. FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, ililigeuza eneo hilo kuwa mstatili mwaka 2010, na mstari wa pointi tatu ukasogezwa kutoka mita 6.25 hadi 6.75. Mstari wenyewe uliingia kwenye sheria zake mwaka 1984, kwa hiyo picha inayouonyesha si ya miaka ya sabini. Ila usikimbilie kutaja mwaka kamili, maana vyuo vidogo huchelewa kununua rangi. Karatasi za alama nazo zinasema: vipindi viwili vya dakika 20 ni mtindo wa kabla ya 2000, robo nne za dakika 10 ni wa baadaye.

Kwa riadha, tazama vipimo: mbio zilihama kutoka yadi na maili kwenda mita. Kipchoge Keino alishinda mbio za maili kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Kingston mwaka 1966. Edinburgh, 1970, akashinda mita 1500. Daftari lisilo na tarehe likiandika yadi 440, yaelekea ni la miaka hiyo ya mageuzi au kabla yake.

Ukishakisia mwaka, nenda ukasome magazeti ya zamani Maktaba ya McMillan, mtaa wa Banda, au Makavazi ya Kitaifa, Moi Avenue. Soma hadi chini kabisa ya kurasa za michezo. Matokeo ya vyuo vidogo hubanwa huko, tena jina la chuo likiwa limekosewa herufi.

Timu ya wanawake itafute peke yake. Kwenye mafaili yetu wavulana wana ripoti nzima, wasichana wana sentensi moja, na wengi wa wasichana hao wangali hai na wanakumbuka kila mchuano. Wapigie simu. Wengine walibadili majina walipoolewa, basi andika majina yote mawili.

Kila picha unayoazimwa, ipige nakala siku hiyo hiyo, uandike majina nyuma ya nakala kwa penseli laini, kisha umrudishie mwenyewe mkononi.