Ukigongwa na gari Uganda: namna ya kupata wakili na kudai fidia

Jirani yangu hapa Busia alivunjwa mguu na lori lililokuwa likirudi nyuma. Siku ya nne, akiwa bado wodini, walikuja wanaume wawili na shilingi 300,000 pamoja na karatasi ya Kiingereza. Wakamwambia ni pesa ya dawa, asaini kwamba amepokea. Akaweka kidole gumba. Karatasi ilisema amelipwa yote na hana dai lingine kwa mtu yeyote.

Nimewatafsiria watu wengi kwa polisi na kwa mawakili, na madai mengi nimeyaona yakifia hapo wodini, kabla wakili hajasikia habari. Kwa hiyo kabla ya hatua ya kwanza kuna jambo moja: usisaini usichoweza kukisoma. Pesa ya dawa pokea ukipenda, lakini andikeni kwa lugha unayoielewa kwamba ni msaada wa matibabu, na dai linabaki.

Kama umeshasaini, usikate tamaa mara moja. Uganda ina sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma, na kwa sheria hiyo asiyejua kusoma ni mtu yeyote asiyeelewa maandishi au lugha ya karatasi iliyo mbele yake. Hata uwe mwalimu wa Kiswahili, mbele ya karatasi ya Kiingereza usiyoielewa unalindwa. Aliyekuandikia karatasi alipaswa kuweka juu yake jina lake kamili na anwani yake, na ionekane kwamba ulisomewa na kufafanuliwa. Kama hayo hayapo, wakili ana mahali pa kushika. Mpelekee nakala.

Hatua ya kwanza: polisi na daktari

Piga 999 au 112, au mtume mtu kituo cha karibu. Trafiki wengi wanazungumza Kiswahili, maana ndiyo lugha ya kikosi tangu zamani, kwa hiyo toa maelezo yako kwa Kiswahili bila aibu. Yakiandikwa kwa Kiingereza, omba usomewe kabla ya kusaini. Usiondoke kituoni bila namba ya kitabu cha kituo, ile wanayoiita SD. Bila namba hiyo faili lako ni sindano kwenye gunia la mchele.

Omba pia Fomu 3 ya polisi, maarufu PF3. Daktari ndiye anayeijaza, akieleza umeumia wapi na kwa kiasi gani. Baadaye, jeraha likishatulia, utahitaji ripoti ya daktari inayotaja asilimia ya ulemavu uliobaki. Hizo ni karatasi mbili tofauti, na watu huzichanganya.

Kabla gari halijasogezwa, mtu yeyote mwenye simu apige picha: namba ya gari, stika ya bima kwenye kioo cha mbele, alama za breki, na majina na simu za mashahidi. Shahidi wa barabarani hupotea haraka kuliko damu kwenye lami. Hapa mpakani ongeza kitu kimoja. Trela la Kenya au la Kongo linapaswa kuwa na Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ni bima ya nchi jirani. Piga picha hiyo kadi. Dereva akishavuka mpaka wa Malaba, kumtafuta ni kazi nyingine.

Risiti zote tunza: dawa, eksirei, magongo, hata boda ya kwenda kliniki ukiweza kupata ya kuandikwa. Gharama ulizokwisha kulipa lazima uzithibitishe moja moja mahakamani. Maumivu na ulemavu hakimu huyakadiria mwenyewe, lakini gharama za dawa hazikadiriwi.

Kesi ya polisi siyo kesi yako

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Dereva akishtakiwa kwa kuendesha kwa uzembe, hiyo ni kesi ya serikali dhidi yake. Anaweza kupigwa faini, na faini huenda serikalini. Wewe unaweza kungoja miaka miwili ukidhani "kesi yangu ipo", kumbe hakuna kesi yoyote iliyofunguliwa kwa jina lako. Hukumu dhidi ya dereva itakusaidia kama ushahidi, lakini dai la fidia unalifungua mwenyewe.

Na saa inakwenda. Kwa majeraha ya mwili yaliyotokana na uzembe, sheria inakupa miaka 3 tangu ajali. Kama gari ni la serikali, la halmashauri ya wilaya au la polisi, ni miaka 2 tu, na unatakiwa kwanza kupeleka notisi ya maandishi. Kama majeruhi amefariki, familia isingoje matanga yaishe mwaka mzima. Mwoneni wakili mapema kabisa. Mazungumzo na kampuni ya bima hayasimamishi saa hiyo, na wapo wanaokuzungusha makusudi wakijua tarehe yako.

Hatua ya pili: kumpata wakili

Asiye na uwezo ana milango kadhaa. Uganda Law Society, chama cha mawakili, ina mradi wa msaada wa kisheria tangu 1992. Law Development Centre, chuo kinachofundisha mawakili, wana kliniki ya msaada wa sheria. FIDA Uganda, chama cha wanasheria wanawake, husaidia hasa wanawake na watoto. Wakimbizi, na kwenye makazi yao ya Nakivale na Kyangwali Kiswahili ni lugha ya kila siku, wanaweza kwenda Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere. Tena kanuni za mawakili za 2009 zinamtaka kila wakili kutoa saa 40 kwa mwaka kwa wasiojiweza, kwa hiyo hauombi sadaka.

Nenda na kitambulisho cha taifa au cha mkimbizi, barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), namba ya SD, PF3 na risiti. Watakupima mambo mawili: kipato chako, na kama dai lina miguu. Eleza hali yako kama ilivyo. Ukificha kwamba ulikuwa huna helmeti au ulikuwa umekunywa, upande wa pili utalisema, na wakili wako atalisikia kwa mara ya kwanza mbele ya hakimu.

Ukienda kwa wakili wa kulipa, uliza kama ana cheti cha kufanya kazi cha mwaka huu, kwa sababu hutolewa upya kila mwaka. Anayekufuata wodini na kadi mkononi mwogope. Kutafuta wateja hivyo ni marufuku kwa mawakili. Vilevile makubaliano ya "nilipe tukishinda tu", au ya kugawana fidia, sheria ya mawakili ya Uganda haiyakubali. Malipo yaandikwe, usaini wewe, na ofisa anayeitwa notari athibitishe kwamba ulifafanuliwa. Wakili akila pesa yako, malalamiko hupelekwa Law Council, baraza linalosimamia mawakili.

Hatua ya tatu: barua, bima, kisha mahakama

Wakili ataanza na barua ya madai kwa mwenye gari na kwa kampuni ya bima. Usishangae mwenye gari akitajwa hata kama hakuwa ndani. Dereva akiwa kazini kwa tajiri wake, yaani mwajiri, tajiri ndiye anayebeba dai.

Stika ile ya bima kwenye kioo isikuleweshe. Sheria ya bima ya 1989 iliweka kikomo cha shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja na milioni 10 kwa ajali nzima. Mguu uliowekewa chuma hauponi kwa milioni moja. Kwa hiyo pesa kubwa, kama ipo, inatoka kwa mwenye gari, na ndiyo maana wakili atataka kujua mapema gari limesajiliwa kwa jina la nani. Kampuni ya bima ikikaa kimya, lalamika kwa Insurance Regulatory Authority, mamlaka inayosimamia kampuni za bima. Na kama uliumia ukiwa kazini, mwone pia ofisa wa kazi wa wilaya, kwa sababu fidia ya wafanyakazi ina njia yake.

Ikishindikana kwa barua, kesi inafunguliwa. Ada ya mahakama ikikushinda kabisa, mwambie wakili aombe ushitaki kama fukara, usamehewe ada. Mdaiwa akishakabidhiwa hati ya kuitwa ana siku 15 za kuleta utetezi. Lugha ya mahakama ni Kiingereza. Mwambie wakili mapema kwamba unahitaji mkalimani, msije mkaahirishwa kwa ajili hiyo.

Kabla ya kusikilizwa, kanuni za usuluhishi za 2013 zinawataka mkae kwanza kwa msuluhishi. Wengi hudharau kikao hicho. Mimi ningekipa uzito, maana lori likiwa na bima na tajiri hataki jina lake magazetini, pesa huonekana hapo. Mkikubaliana, masharti huandikwa, hupelekwa mahakamani na kuwa amri yake, na tajiri asipolipa kwa tarehe iliyoandikwa unaomba mali yake ikamatwe. Hapo saini, ukishatafsiriwa mstari kwa mstari.