Kutafuta ukoo wa Kiyahudi uliopitia Tanga, anzia hapa

Kuna watu wako nje wanaulizia babu yao Myahudi aliyewahi kuishi huku kwetu, mwingine shamba la mkonge, mwingine Lushoto, na wapo vijana wa hapahapa Tanga wanasikia tu nyumbani kwamba babu mzaa mama alikuwa Myahudi ila hawajui waanzie wapi. Inawezekana kumpata, ila uvumilivu unatakiwa.

Jambo la kwanza lishike kabisa: ukiingia kwenye makaratasi ya mkoloni ukatafuta neno Myahudi mara nyingi utatoka mikono mitupu. Mtu aliandikwa kwa pasi yake, yaani Mjerumani, Mwaustria, Mpolandi au asiye na uraia, basi. Kwahiyo tafuta jina, na ulitafute kwa kila namna ya kuandikwa, Schwarz anaweza kuwa Swartz au Schwartz kutegemea karani alisikiaje siku ile.

Sasa kuna alama moja inasaidia sana kwa waliotoka Ujerumani. Kuanzia 1 Januari 1939 sheria ya Wanazi iliwalazimisha Wayahudi ambao majina yao hayakuwa kwenye orodha ya serikali waongeze jina la pili, wanaume Israel, wanawake Sara, na tangu Oktoba 1938 pasi zao zilishaanza kugongwa herufi J nyekundu. Ukishika karatasi ya 1939 imeandikwa Hans Israel fulani, hapo umeshapata mwanga. Ila aliyeondoka mapema hatakuwa nalo, na wengi wakishafika salama walilitupa hilo jina maana lilikuwa ni la kuwadhalilisha, kwahiyo tafuta na bila hilo.

Kabla ya kwenda ofisi yoyote maliza nyumbani kwanza. Toa picha za zamani kwenye fremu uangalie nyuma, soma stempu na mihuri ya bahasha, unachotaka ni mji aliozaliwa, bila mji hutafika mbali. Na miji imebadilisha majina jamani, Breslau siku hizi ni Wrocław, Lemberg ni Lviv. Halafu nenda kwa wazee, Ngamiani, Pongwe, Muheza, wale waliokuwa manamba au watoto wa manamba. Usiwaulize jina la mzungu kama lilivyo kwenye pasi, waulize walimwitaje pale shambani, shamba lenyewe lilikuwa lipi na kabla yake nani alikuwa meneja. Shamba ukishalijua unaweza kufuata faili lake.

Mafaili yako Nyaraka za Taifa, Dar. Ya enzi ya Mjerumani yapo na yametambuliwa na UNESCO tangu 1997, ila mengine ni mwandiko wa mkono wa Kijerumani cha zamani, mtafute mtu anayeusoma. Ya Mwingereza angalia mashamba, wahamiaji na mali za adui, sababu vita ilipoanza Septemba 1939 Wajerumani wa Tanganyika walikamatwa na mashamba yao yakachukuliwa, na Kenya hata wakimbizi wa Kiyahudi waliwekwa ndani kwanza ndio wakachujwa baadaye. Kama unatoka nje ya nchi ulizia kibali mapema.

Usiishie Tanga. Nairobi ina sinagogi, yaani nyumba ya ibada ya Wayahudi, tangu kabla ya vita vya kwanza, na Gazeti la Serikali la Kenya la zamani linasomeka bure Google Books, humo kuna matangazo ya mirathi na ya walioomba uraia.

Kwa upande wa meli, orodha za abiria wa bandari ya Hamburg, Ujerumani, zinaanzia 1850 zinaishia 1934, kwahiyo aliyekimbia 1938 usipoteze muda huko. Kama alipandia Southampton au London angalia orodha za Uingereza za waliosafiri mbali, 1890 hadi 1960.

Kaburi ukilipata lipige picha asubuhi au jioni jua likiwa limelala, herufi zinaonekana vizuri. Jiwe la Kiebrania huwa linataja na jina la baba, fulani bin fulani kama sisi, na hapo umeshapanda kizazi kimoja juu. Mwaka ni wa kalenda ya Kiyahudi, unaandikwa kwa herufi za Kiebrania zinazosimama badala ya namba, na elfu tano mara nyingi inaachwa: תרצ״ט ni 400, 200, 90 na 9, jumla 699, maana yake 5699. Toa 3760 unapata 1939, ila kifo kikiwa kati ya mwaka mpya wa Kiyahudi (huangukia Septemba au mwanzoni mwa Oktoba) na mwisho wa Desemba toa 3761.

Ndugu waliobaki Ulaya watafute Arolsen Archives, nyaraka za walioteswa na Wanazi zilizoko Ujerumani, na Yad Vashem, makumbusho ya Wayahudi waliouawa na Wanazi iliyoko Yerusalemu, kote bure kwenye intaneti. Yad Vashem fungua fomu yenyewe ya marehemu usiishie kwenye jina, chini kuna aliyeijaza na uhusiano wake, anaweza kuwa binamu ambaye hamjawahi kujuana. Na cheti cha kuzaliwa cha Ujerumani kikishapita miaka 110 kinatoka ofisi ya usajili kinahamia nyaraka za mji, kwahiyo barua yako iandikie huko, taja jina, tarehe na wazazi kama unawajua.