Kufunga hema kwenye ardhi iliyoganda

Vigingi vinavyouzwa pamoja na hema ni vya udongo laini. Kigingi chembamba cha alumini, ambacho Naivasha au Lushoto unakizamisha kwa kisigino tu, kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, mwezi Januari kitapinda baada ya mapigo machache. Cha plastiki kitapasuka, maana plastiki hupoteza unyumbufu kwenye baridi kali. Maji yaliyomo ndani ya udongo yameganda na kuzishikanisha chembe zake kama zege. Kwa hiyo, kabla ya kushika nyundo, jua uko juu ya nini: udongo, theluji au barafu ya ziwa. Kila kimoja kina namna yake.

Kwenye udongo, anza kwa kuchagua mahali. Theluji nene iliyotanda tangu mwanzo wa majira huzuia joto la ardhi lisipotee, hivyo udongo wa chini yake huganda kidogo kuliko wa uwanja uliopeperushwa theluji na upepo. Chini ya misonobari pia kuna nafuu, lakini tazama juu kwanza: usilaze watu chini ya tawi kavu au lililoelemewa na theluji.

Kinachoingia hapo ni chuma kinene. Nondo ya milimita 10, iliyokatwa vipande vya sentimita 30, ikanolewa ncha na kukunjwa kichwa, inafaa sana. Nyundo iwe ya chuma, ya kilo 1 hadi 1.5, ya mpira hudunda tu. Vaa miwani ya kazi, kwa sababu vipande vya barafu huruka usoni, na anayekushikia nondo aishike kwa koleo, si kwa vidole. Ikigoma baada ya sentimita 5, pengine ni jiwe: sogea kidogo, usishindane nalo.

Njia tunayoipendekeza zaidi kwa anayefika kwa gari ni skrubu nene za mbao zenye kichwa cha pembe sita. Ulaya chukua za milimita 10 kwa 200, ambazo hukazwa kwa spana ya soketi ya milimita 17. Marekani omba za inchi 3/8 kwa 8, soketi ya inchi 9/16. Tia washa pana (kisahani cha chuma chenye tundu) chini ya kichwa ili kitanzi cha kamba kisichomoke, kisha zizamishe kwa drili ya betri yenye nguvu. Betri ikae ndani ya koti mpaka dakika ya kuitumia, kwani baridi huipunguzia nguvu haraka. Ubora wa skrubu utauona asubuhi: geuza mzunguko wa drili, na inatoka.

Theluji ikiwa nene, usihangaike kuufikia udongo. Ikanyage kwanza eneo lote la hema kwa viatu vya theluji, halafu iache ishikane, nusu saa au zaidi. Ile kavu ya unga huchukua muda mrefu zaidi. Chimba mtaro wa kina cha sentimita 30 hadi 40, ulaze kijiti kinene au mfuko uliojazwa theluji, ukikingama na mwelekeo wa kamba. Pitisha kamba nyuma yake na urudishe ncha zote mbili juu. Fundo likae nje, usawa wa mkono. Fukia, kanyaga, subiri tena, ndipo ukaze. Wengi hukaza mara tu baada ya kufukia, kijiti au mfuko unang'oka, wakadhani mtaro haukuwa na kina cha kutosha. Ukishamaliza, hakikisha theluji haijaziba matundu ya hewa ya hema, na usiwashe jiko ndani: kaboni monoksidi haina harufu, na inaua.

Juu ya ziwa, pima unene kwanza. Mamlaka ya maliasili ya Minnesota hushauri barafu safi ya angalau inchi 4 (kama sentimita 10) kwa mtu anayetembea. Kwa hema na watu kadhaa tunataka sentimita 20 au zaidi. Toboa mashimo mawili yaliyoachana sentimita 15, yakiinamiana kwa nyuzi 60, yakutane ndani. Pitisha kamba ya milimita 6 kwa ndoano ya waya, ufunge kitanzi.

Wakati wa kuondoka, nondo iliyogandiana na udongo haivutwi moja kwa moja juu. Igonge ubavuni huku na huku, kisha ishike kwa spana uizungushe mpaka gamba la barafu livunjike. Ikikataa, mwagia maji ya moto kidogo shinani na uing'oe papo hapo, maana maji hayo nayo yataganda. Kwenye theluji, fungua fundo na uvute ncha moja: kamba inatoka yote, kijiti kinabaki. Kama ulitumia mfuko, uchimbue uondoke nao.