Uji wa shule umesaidia kweli? Pima hivi

Watu wa Moshi mkishaanza kuchangia uji shuleni, baada ya mwaka utasikia "watoto hawatoroki tena, uji umefanya kazi", aisee taratibu kwanza, labda mwaka huo mvua ilinyesha vizuri mahindi yakashuka bei, watoto wakashiba nyumbani na mahudhurio yakapanda hata kwa shule zisizo na uji.

Kwaiyo tafuta shule isiyo na uji ila inafanana na yenu, usichukue ya Marangu kwenye migomba ukailinganisha na ya Same kule kukavu. Chukua rejista za mahudhurio za zote mbili, kabla na baada. Tuseme yenu ilitoka asilimia 80 ikafika 90, ya jirani 78 mpaka 85: nyie mmepanda 10, wao 7, basi cha uji ni kama 3 tu.

Ila hesabu hiyo inasimama kama zamani shule zote zilikuwa zinapanda sawasawa, sasa rudi nyuma miaka 3 au 4 uangalie, hapa ndo wengi wanaruka. Afu uliza nani walianza kuchanga, maana wazazi wenye uwezo ndo hutangulia, na watoto wao wangeenda shule hata bila uji. Waliohamia kwenu kufuata uji wahesabu pembeni.