Ukienda Chartres, beba darubini

Ukiingia kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, usikimbilie kupiga picha. Simama kwanza dakika kumi hivi, macho yazoee giza, ndipo rangi za vioo vya madirisha zijitokeze. Mimi hubeba darubini ndogo, maana vioo vingi viko juu mno. Kila dirisha anza kulisoma chini, ukipanda juu. Hadithi nyingi zimepangwa hivyo. Huko chini kabisa watafute mafundi waliochorwa kwenye vioo: washona viatu, na waoka mikate waliobeba kapu kubwa limejaa. Nawapenda hao kuliko wafalme wote!

Madirisha matatu ya magharibi yalinusurika moto wa 1194. Yaachie alasiri, jua likiwa upande wake. Buluu ile, mpaka leo sijaizoea. Misa ikianza, keti; usizungukezunguke.