Kurudisha kwenye sesheni ankara iliyobadilishwa nje, pamoja na mistari yake (Hibernate)

Mtumiaji amefungua ankara namba 40 na sesheni (kipindi ambacho Hibernate, maktaba ya Java ya kuhifadhi objekti kwenye kanzidata, inazifuatilia objekti) imeshafungwa. Amebadilisha idadi ya sukari kutoka 3 kuwa 5, akafuta mstari wa sabuni, kisha akabonyeza Hifadhi. Objekti iliyorudi kutoka kwenye fomu Hibernate haiifuatilii tena, kwa hiyo mabadiliko hayo hayafiki kwenye kanzidata mpaka uyarudishe mwenyewe.

Hatua ya 1: nyoosha uhusiano

```java
@OneToMany(mappedBy = "ankara",
    cascade = CascadeType.ALL, orphanRemoval = true)
private List<Mstari> mistari = new ArrayList<>();

@Version
private int toleo;
```

Bila `cascade` (inayopeleka kwa mistari kile kinachofanywa kwa ankara), idadi mpya ya sukari itapuuzwa. Bila `orphanRemoval`, sabuni itabaki kwenye jedwali. Weka `@Version` (namba ya toleo inayopanda kila rekodi inapobadilishwa) kwenye `Mstari` pia, maana kubadilisha mstari peke yake hakupandishi toleo la ankara. Matoleo yote yasafiri na fomu. Mwenzako akiwa amekutangulia kuhifadhi, `merge` (tutaiona hatua ya 2) itakataa badala ya kufunika kazi yake.

Hatua ya 2: merge

Ndani ya muamala (`em` ni EntityManager, yaani sesheni mpya):

```java
Ankara hai = em.merge(ankaraYaFomu);
```

Hapa ndipo wengi tunapoteleza. `merge` haiirudishi objekti yako kwenye sesheni. Inaisoma ankara 40 kutoka kwenye kanzidata, inanakili thamani zako juu yake, halafu inakukabidhi hiyo nyingine. Ile ya fomu inabaki nje vilevile. Kuanzia mstari huu wa msimbo gusa `hai` tu.

Hatua ya 3: hakikisha orodha imekamilika

Orodha unayoipeleka ndiyo inayohesabiwa kuwa kamili. Mstari usiokuwemo unafutwa. Niliwahi kutengeneza skrini ya kubadilisha tarehe ya ankara tu. Haikutuma mistari, hivyo upande wa seva `mistari` ikawa orodha tupu, na `merge` ikafuta bidhaa zote za ankara ile. Hakuna kosa lililotokea. Tuligundua mteja alipouliza mbona jumla ni sifuri. Kama skrini haihusiki na mistari, usitumie `merge` kabisa:

```java
Ankara hai = em.find(Ankara.class, 40L);
hai.setTarehe(tarehe);
```

Mstari mpya nao uupe ankara yake, `mstari.setAnkara(ankara)`, kabla ya `merge`. Usipofanya hivyo, safu ya ankara kwenye mstari huo itakuwa null.

Hatua ya 4: usibadilishe orodha yenyewe

Kwenye `hai`, usiite `setMistari(new ArrayList<>())`. Hibernate inaifuatilia orodha ileile iliyoitoa, na ukiitupa itakurushia kosa wakati wa kuhifadhi. Ongeza na uondoe ndani yake kwa `add` na `remove`.

Ukikuta `session.update()` kwenye programu ya zamani, iondoe: inakwama kama sesheni tayari ina objekti nyingine yenye kitambulisho hichohicho, na Hibernate 7 imeshaifuta.

Hatua ya 5: soma SQL

Washa `hibernate.show_sql`, mpangilio unaoonyesha amri za SQL zinazotumwa kwenye kanzidata, kisha uhifadhi. Baada ya select utaona update ya sukari na delete moja, ya sabuni. Ukiona delete ya pili, rudi hatua ya 3.