Namna ya kuyatambua mapukutiko bustanini kabla majani hayajaanguka

Watu wengi husubiri majani yaanguke ndipo waseme msimu umebadilika. Kufikia hapo bustani imeshawaacha nyuma kwa wiki tatu au zaidi. Nimeweka daftari la bustani yangu kwa miaka tisa, na kila mwaka dalili hunijia kwa mpangilio uleule: kwanza umande, kisha kivuli, kisha majani ya maboga, na miti mwisho kabisa. Ukijifunza kuanza kutazama chini, utapata nafasi ya kuvuna, kufunika na kupanda kwa wakati wake.

Nasema mapukutiko, si vuli, kwa sababu masikioni mwa wengi wetu vuli ni mvua. Hapa nazungumzia ule msimu wa nchi za baridi ambapo miti huvua majani. Kwenye kalenda huanza mnamo tarehe 22 au 23 Septemba upande wa kaskazini wa dunia, na tarehe 20 au 21 Machi upande wa kusini. Bustani haisomi kalenda. Inahesabu urefu wa usiku na baridi ya udongo.

Kwa hiyo anza na miguu yako. Toka asubuhi na ndala, katiza kwenye nyasi. Katikati ya kiangazi umande hukauka mara jua linapopanda. Siku utakayopita saa nne asubuhi na bado vidole vikalowa, andika tarehe hiyo: usiku umeshakuwa mrefu kiasi cha kuipoza ardhi sawasawa. Asubuhi hizohizo utaona utando wa buibui kila kona, ukidhani wamevamia. Hawajavamia. Wengi walikuwepo tangu majira ya kuchipua wakiwa wadogo. Sasa wamekomaa, nyavu zao ni kubwa, na umande umezitundika shanga. Waache, wanakusaidia kula wadudu.

Kivuli kinahitaji kijiti tu. Saa sita mchana, chomeka kijiti pale kivuli cha uzio au ukuta kinapoishia, na urudie kila wiki. Kwangu, kivuli cha uzio kikishagusa tuta la nyanya, najua ua la nyanya linalofunguka siku hiyo halitanipa tunda lililoiva, maana kutoka ua hadi tunda jekundu huchukua wiki sita hadi nane, na siku zenye joto hazibaki nyingi hivyo. Siku hiyo nakata vichwa vya minyanya na kung'oa maua yote. Inauma, lakini nguvu ya mmea inakwenda kwenye matunda yaliyokwisha kushika. Usiipe mimea mbolea yenye naitrojeni nyingi wakati huu. Itachipua majani laini ambayo baridi ya kwanza itayaua.

Kisha maboga. Majani yake huanza kupata unga mweupe, ule ubwiri unga, unaopenda mchana mkavu na usiku wenye unyevu wa baridi. Mwanzo wa kiangazi ningehangaika nao. Mwisho wa msimu nauchukulia kama ujumbe kwamba mmea unamaliza kazi, nami naanza kukagua maboga yenyewe. Bonyeza ganda kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukizama, liache. Ukiteleza bila kuacha alama, na kikonyo kimekauka na kuwa kigumu kama kuni, limekomaa. Likate kwa kisu na uliachie kikonyo cha sentimita tano hadi kumi, wala usilibebe kwa kikonyo hicho. Kikivunjika, uozo huingilia papo hapo. Liweke mahali pakavu penye joto na hewa kwa siku kama kumi ili ganda likaze, kisha uhifadhi. Boga lenye jeraha litumike kwanza.

Chini ya mtufaha utasikia mwisho wa kiangazi kabla hujauona. Nyigu. Wakati wa kulea, nyigu vibarua huwapelekea mabuu nyama ya wadudu, na mabuu huwarudishia majimaji matamu. Mabuu wakipungua, utamu ule unakatika, ndipo nyigu wanapoyavamia matunda. Okota yaliyoanguka kila siku, na usiyaokote kwa mikono mitupu. Lililo mtini lijaribu hivi: lishike kwenye kiganja, liinue na ulizungushe kidogo. Likija lenyewe, limeiva. Ukilazimika kuvuta, upe mti siku nyingine chache.

Kama kwenu kuna mbayuwayu, watazame wakijipanga kwenye nyaya. Asubuhi moja nyaya zitakuwa tupu; wale wa Ulaya wameshaanza safari ya Afrika. Mimi nikishaona nyaya tupu, natoa shuka za kufunikia mimea na kuziweka karibu na mlango.

Sababu ya haraka hiyo ni kosa nililolifanya mwaka wa pili. Kipimajoto changu nilikuwa nimekitundika ukutani, usawa wa macho. Jioni kilisoma nyuzi 4 za Selsiasi, nikalala kwa amani. Asubuhi mirehani yote ilikuwa nyeusi, imelegea kama imechemshwa, na minyanya ya kona ya chini imekufa. Ukuta hutunza joto la mchana na kuusitiri usomaji wako. Tena usiku wa anga safi ardhi hupoteza joto haraka kuliko hewa iliyo juu yake, kwa hiyo jalidi, ule utando mwembamba wa barafu, huweza kukaa kwenye nyasi hali kipimajoto cha juu bado kiko nyuzi 3 au 4. Na hewa ya baridi ni nzito: hutiririka kama maji, hujikusanya kwenye kona ya chini na nyuma ya uzio uliozibwa. Kipimajoto chako kilaze pale chini, karibu na udongo.

Jioni ukiona nyota zote zimetoka, hakuna upepo wala wingu, na hewa inazidi kupoa kwa kasi, funika. Wingu ni blanketi. Usiku wa mawingu mara nyingi hupita salama. Funika kabla giza halijaingia, ili udongo uwe bado na joto la kufungia ndani, na shuka lifike hadi chini. Asubuhi liondoe.

Nyanya zilizoanza kupauka zivune kabla ya usiku huo. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi iliyoiva, ndani ya nyumba, mbali na friji. Ndizi hutoa gesi ya ethilini inayoziivisha. Zilizo ngumu na kijani kibichi kabisa hazitapata ladha, tengenezea achari. Mirehani ivune yote mapema, haivumilii hata baridi isiyo na jalidi. Karoti na kabichi za msimu wa baridi, kinyume chake, usiziguse: baridi huzifanya zigeuze wanga kuwa sukari, na karoti iliyopigwa na jalidi mara mbili ni tamu kupita ile ya kiangazi.

Udongo ukishapoa, panda kitunguu saumu. Punje moja moja, ncha juu, kina cha sentimita tano, nafasi sentimita kumi na tano. Kinahitaji wiki za baridi ili kijigawe punje. Kilichokosa baridi mara nyingi hutoa bonge moja la duara. Maua ya tulipu nayo yasubiri hadi baridi ishike hasa, kwani udongo wa baridi hupunguza magonjwa yake.

Sasa ndiyo tufike kwenye majani. Rangi ya manjano haiji wakati huu. Ilikuwemo ndani ya jani kiangazi chote, imefunikwa na klorofili ya kijani. Mti unapoivunja klorofili na kurudisha virutubisho vyake kwenye matawi, manjano inabaki wazi. Nyekundu ndiyo hutengenezwa upya, na hukolea zaidi mwaka wenye michana ya jua na usiku baridi usiofikia jalidi.

Lakini jihadhari na mapukutiko ya uongo. Mti unaweza kupiga manjano mapema kwa kiu au ugonjwa, hasa kama ni tawi moja tu. Chimba kwa kidole udongo ulio chini yake. Kama ni vumbi, mwagilia kwa wingi. Halafu jaribu jani lenyewe. Lishike kikonyo mahali kinapoungana na tawi, ulisukume taratibu kuelekea chini. Jani ambalo halijawa tayari hung'ang'ania na huchanika likiacha uzi wa kijani wenye maji. Jani la msimu huachia kwa sauti ndogo ya kukatika, na pale lilipokuwa pana kovu kavu, laini, lililozibwa. Mti umeshafunga mlango wenyewe.

Yakianguka, yaondoe kwenye nyasi na kwenye bwawa, uyarundike ndani ya kizuizi cha waya, uyaloweshe. Kuvu huyala polepole; mwaka mmoja hadi miwili utapata mboji nyeusi laini. Majani ya waridi yenye madoa meusi yasiingie humo. Na lundo lililokaa usilitie moto kabla hujalihamisha lote, kalunguyeye hupenda kulala ndani yake.

Kabla hujaondoka pale mtini, angalia juu tu ya lile kovu. Kuna tumba dogo, limefungwa kwa magamba, nalo lilijengwa tangu kiangazi. Kwenye miti na vichaka vinavyochanua mapema majira ya kuchipua, maua yote ya mwaka ujao yamo ndani ya matumba hayo. Mkasi wa kupogolea uutundike hadi vikishamaliza kuchanua.